Kutambua Usemi na Kupunguza Kelele kwenye Redio Koli na Simu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa mafundi na watumiaji wa redio koli, redio za HF (za masafa ya 3 hadi 30 MHz), simu, na wale wanaoandika programu za sauti. Anza na swali lolote linalokuhusu, ila lile la neno kumegwa kichwa lisome hata kama unadhani halikuhusu.

Kifaa kinajuaje kwamba mtu anaongea?

Maneno hakiyajui. Kinakata sauti vipande vifupi, kwa kawaida vya milisekunde 10 hadi 30, kisha kinaamua kila kipande kama ni usemi au kelele tupu. Dalili ya kwanza ni nguvu: kipande chenye nguvu kuliko kelele iliyozoeleka mahali hapo kinashukiwa kuwa usemi. Lakini lori likipita nalo lina nguvu, kwa hiyo hutazamwa pia nguvu hiyo imekaa kwenye masafa yapi, wimbi linavuka sifuri mara ngapi, na kama kuna mrindimo wa koo unaojirudia, ule unaosikika kwenye irabu. Kiwango cha simu cha G.729, Kiambatisho B, kinapima mambo manne kwa kila kipande cha milisekunde 10: nguvu ya jumla, nguvu iliyo chini ya 1000 Hz, idadi ya kuvuka sifuri, na umbo la mgawanyo wa masafa.

Kuna dalili nyingine ambayo ni rahisi na ina nguvu sana: usemi hupanda na kushuka kwa mwendo wa silabi, mara kadhaa kila sekunde. Feni na jenereta vinavuma kwa kiwango kilekile. Redio nyingi za HF zinategemea tofauti hiyo, kama tutakavyoona.

Kwa nini neno la kwanza linamegwa kichwa?

Hili ndilo kosa baya kuliko yote, na kwa anayezungumza Kiswahili ni hatari. Ukanushi wetu unakaa mwanzoni mwa kitenzi. "Hatutakuja" ikipoteza silabi moja inabaki "tutakuja". "Hamtavuka" inabaki "mtavuka". "Hawatafika" inabaki "watafika". Sentensi iliyobaki ni nzima na ina maana, basi msikilizaji hana sababu ya kuuliza tena. Anaondoka na habari iliyo kinyume. Tena herufi yenyewe inayotangulia, "h", ni pumzi tu, nayo ni dhaifu mno kwa kifaa kinachopima nguvu.

Sababu ya kawaida ni mtu kuanza kuongea kidole kikiwa bado kinashuka kwenye kitufe. Baada ya hapo angalia redio ya anayepokea, kwa sababu wengi huhangaika na redio ya anayetuma ilhali tatizo liko upande wa pili. Redio nyingi za mkononi zina kipengele cha kubana betri: kipokezi kinalala, kinaamka kidogo kuchungulia, kinalala tena. Ujumbe ukiingia kikiwa usingizini, mwanzo wake umepotea. Kwenye redio ya mkononi ya Baofeng UV-5R kipengele hicho ni menyu namba 3, SAVE, kizime. Zima pia menyu namba 7, TDR, inayofanya redio isikilize masafa mawili kwa zamu.

Kisha kuna toni ya CTCSS, mlio mnene usiosikika spikani ambao redio hutuma chini ya sauti yako kama ufunguo. Kipokezi lazima kihesabu mizunguko kadhaa ya toni kabla ya kufungua spika, na toni ya chini huchukua muda zaidi: mzunguko mmoja wa 67.0 Hz ni milisekunde 15. Kwa jumla tenga robo ya sekunde. Kama mnapitia ripita, yaani mtambo wa mnarani unaopokea na kurusha upya, nayo ina muda wake wa kuamka, na mnara wa pili ukiongezeka muda unaongezeka.

Dawa haina gharama: bonyeza, subiri sekunde moja kamili, ndipo uongee. Anza na jina la kituo, wala usianze na kitenzi. Ukanushi useme mara mbili kwa njia mbili: "Kituo Tatu, hapa Mbili. Hapana. Narudia, hapana, hatutakuja leo." Hata "ha" ikiliwa, "hapana" mbili zimeshafika.

Na mwisho wa neno ukipotea?

Kifaa kimefunga mapema. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na irabu ya mwisho mara nyingi hushuka chini sana, hasa mtu akiwa amechoka. Kitambuzi kinatakiwa kibaki wazi kwa muda baada ya nguvu kushuka. Milisekunde 200 hadi 300 zinatosha kwenye simu. Kwenye VOX ya redio, yaani kutuma kwa kuongea tu bila kubonyeza kitufe, weka nusu sekunde hadi sekunde nzima, la sivyo redio itakatika kila mtu anapovuta pumzi.

Skwelchi ya redio ya FM niiweke wapi?

Skwelchi ni ile inayonyamazisha "shshsh" wakati hakuna anayetuma. Watu wengi wanadhani inasikiliza sauti ya mtu. Haifanyi hivyo. Inasikiliza kelele iliyo juu ya masafa ya usemi, na mawimbi ya mtumaji yanapoingia kelele hiyo hushuka. Kushuka huko ndiko kunakofungua spika. Ndiyo maana mtu akibonyeza kitufe bila kusema neno, redio yako inafunguka na kukaa kimya.

Kuiweka: hakikisha hakuna anayetuma, fungua skwelchi mpaka "shshsh" isikike, kisha zungusha taratibu hadi inyamaze. Ongeza nukta kidogo tu, uache hapo. Kwenye redio za namba 0 hadi 9, anza na 1 au 2. Ukipandisha sana unafukuza kelele pamoja na wenzako walio mbali, na utadhani betri zao zimekwisha.

Kuna jambo linalowashangaza wengi: anayepiga kelele kwenye maikrofoni anaweza kufunga skwelchi ya wenzake. Sauti kali mno hupanua mawimbi kupita kiasi na kumwaga nguvu juu ya masafa ya usemi, pale pale skwelchi inapotafuta kelele. Spika zinakatika katikati ya neno. Msikilizaji anasema "hatukusikii", mtumaji anazidisha kelele, na hali inazidi kuwa mbaya. Mwambie aongee kwa sauti ya kawaida, maikrofoni ikiwa sentimita 3 hadi 5 kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili pumzi ya "p" na "b" isiipige moja kwa moja.

Je, CTCSS inapunguza kelele au kuficha mazungumzo?

Hapana kwa yote mawili. Inanyamazisha spika yako mpaka toni uliyochagua isikike. Wengine walio kwenye masafa hayo bado wapo, na yeyote aliyezima toni kwenye redio yake anawasikia. Ubaya wake ni kwamba unaweza kumfunika mtu anayeongea bila kujua.

Mbona skwelchi hiyo haifanyi kazi kwenye redio ya HF?

Kwa sababu HF ya sauti hutumia SSB, mtindo wa kutuma upande mmoja tu wa mawimbi bila wimbi la kuubeba. Hapo hakuna wimbi la kudumu linalotumwa mtu akinyamaza, kwa hiyo hakuna kitu cha kushusha kelele. Redio hizi hutumia skwelchi ya silabi: saketi inatafuta kupanda na kushuka kwa mwendo wa usemi. Mluzi wa mtumaji mwingine ni wa kudumu, haufungui. Kelele ya anga ni ya kudumu, haifungui. Mtu akisema tu, inafunguka.

Udhaifu wake ni kwamba inahitaji kusikia silabi moja mbili kabla ya kuamini, na kwa hiyo inakula mwanzo wa ujumbe kuliko skwelchi ya FM. Kwa mwendeshaji aliye zamu, akisubiri ujumbe wa mgonjwa au wa msafara, ushauri wetu ni mmoja: fungua skwelchi, vumilia "shshsh". Masikio ya mtu yanatambua usemi ndani ya kelele kuliko saketi yoyote iliyo kwenye redio hiyo.

Radi za msimu wa mvua ni jambo jingine. Kwenye 3 hadi 7 MHz wakati wa jioni zinapasua masikio. Kizuia kelele, kile chenye alama NB, kimetengenezwa kwa mipigo mifupi kama ya plagi za injini. Mpasuko wa radi ni mrefu mno kwake. Punguza ukuzaji wa RF (wa mawimbi yanayoingia kutoka antena) hadi kelele ya nyuma isikike kwa mbali, na kama ni mchana hamieni masafa ya juu zaidi.

VOX niitumie wapi?

Mahali ambapo mikono yote miwili ina kazi na pametulia kiasi. Kwenye pikipiki, karibu na jenereta au sokoni, iache. Upepo utaifungua na itashikilia masafa, wenzako wasiweze kuingia. Ukilazimika, tumia maikrofoni ya kubana kooni au yenye matundu mawili ya kufuta kelele, na uanze kila ujumbe kwa neno la kutupa, kama "haloo", ambalo likiliwa halina hasara.

Spika inalia "dzi-dzi-dzi" kisha simu inaita. Ni nini?

Ni simu iliyo kwenye 2G. GSM, mfumo wa 2G, hutuma kwa mipigo, kila zamu milisekunde 4.615, yaani mara 217 hivi kwa sekunde, na mapigo hayo huingia kwenye waya wa maikrofoni au amplifaya na kugeuka sauti. Hakuna programu itakayoiondoa vizuri, kwa sababu imelala katikati ya usemi. Sogeza simu umbali wa mita moja. Kama ni kifaa unachokitengeneza mwenyewe, lehemu kapasita ya seramiki ya 33 pF moja kwa moja kwenye miguu miwili ya kapsuli ya maikrofoni, ukiacha waya mfupi kabisa. Kwa simu za 1800 MHz ongeza nyingine ya 10 pF sambamba nayo. Kapasita hiyo ukiiweka sentimita 10 mbali, karibu na amplifaya, haifanyi kitu: waya uliobaki ndiyo antena.

Mngurumo usioisha je?

Sikiliza ni mnene kiasi gani. Wa 50 Hz kwa kawaida umeingia kwa njia ya waya usiokingwa au mzunguko wa ardhi, yaani vifaa viwili vyenye ardhi mbili vilivyounganishwa kwa waya wa sauti. Tenganisha kwa transfoma ndogo ya sauti ya ohmu 600 kwa 600. Wa 100 Hz unatoka kwenye pawa saplai: kapasita kubwa ya kuchuja imekauka. Ibadilishe kwa ya mikrofaradi zilezile au zaidi, volti zisipungue.

Mluzi unaopanda na kushuka na mwendo wa injini ni wa altaneta. Vuta waya wa redio moja kwa moja kutoka kwenye betri, ukiweka fyuzi karibu na betri. Mlio wa kukereta unaokuja mchana tu mara nyingi ni rigulata ya sola, na unaokuja usiku tu ni taa za LED au chaja. Jaribio ni jepesi: iendeshe redio kwa betri tupu, chomoa vitu vingine vyote, kisha rudisha kimoja kimoja hadi kelele irudi. Umempata mhusika. Fanya haya kabla ya kununua kifaa chochote cha kupunguza kelele.

Programu inapunguzaje kelele?

Njia ya msingi ni kutoa kelele kutoka kwenye mgawanyo wa masafa, iliyoelezwa na Steven Boll mwaka 1979, na bado inaeleweka haraka kuliko nyingine. Kwa sauti ya simu ya sampuli 8000 kwa sekunde (vipimo 8000 vya wimbi), chukua vipande vya sampuli 256 vinavyopandana nusu kwa nusu, uvipitishe kwenye dirisha la Hann (linalofifisha kingo za kila kipande), kisha uvibadilishe kuwa masafa. Masafa yanagawanyika katika vyumba, na kila chumba kina upana wa 31.25 Hz. Wakati hakuna anayeongea, jifunze kelele ina nguvu gani kwenye kila chumba. Anapoongea, toa kiasi hicho, kisha rudisha kuwa sauti.

Tazama hapo: kila kitu kinategemea kujua lini hakuna anayeongea. Kitambuzi kikikosea na kuita usemi kelele, programu inajifunza sauti ya mtu na kuanza kumfuta. Sauti inasikika kama inatoka chini ya maji, na fundi anaanza kulaumu kipunguza kelele, kumbe mkosaji ni kitambuzi kilichotangulia.

Kosa la pili ni uroho. Ukitoa kelele yote, vinabaki vipande vidogo vinavyotokea na kupotea, vinasikika kama kengele ndogo nyingi zinazolia ovyo. Acha sakafu: usishushe chumba chochote zaidi ya desibeli 10 hadi 12. Kelele kidogo inayobaki inafunika kengele hizo. Mbinu ya Ephraim na Malah ya mwaka 1984 inazipunguza sana, na inafaa kazi ya kuiandika.

Tuseme wazi pia: kwa maikrofoni moja, programu hizi humpumzisha msikilizaji kuliko zinavyomwongezea maneno anayoyaelewa. Neno lililozama kwenye kelele halirudi.

Natumia RNNoise na sauti inatoka mbovu. Kwa nini?

Mara nyingi ni moja kati ya mambo mawili. RNNoise, programu huria ya kupunguza kelele, inataka sampuli 48,000 kwa sekunde, kwa vipande vya 480. Sauti ya simu ya 8000 lazima uibadilishe kwanza. Pili, inapokea namba za desimali zenye ukubwa wa biti 16, yaani kati ya -32768 na 32767, si kati ya -1 na 1. Ukiipa namba ndogo inaona kimya kitupu.

Ninunue maikrofoni bora au nitafute programu bora?

Maikrofoni, na kabla ya hiyo, umbali. Palipo wazi, ukipunguza umbali wa mdomo kwa nusu unapata desibeli 6 za usemi bila kugusa kelele. Kutoka sentimita 20 hadi 5 ni desibeli 12, sawa na kazi yote ya programu, na hakuna neno lililoharibiwa. Safisha tundu la maikrofoni: vumbi na jasho huliziba. Halafu kata masafa ya chini, ambako upepo na injini vimejaa. Kapasita ya 47 nF ikifuatiwa na rezista ya kilo-ohmu 10 kwenda ardhini inakata chini ya 340 Hz hivi.

Kwa nini kwenye simu nasikia "shshsh" ndogo mtu akinyamaza?

Imewekwa makusudi. Simu ya GSM hukata sauti vipande vya milisekunde 20, na mtu akinyamaza huzima kurusha mawimbi ili kuokoa betri na kupunguza usumbufu kwa wengine. Upande wa pili ungebaki na ukimya wa kaburini, na watu wangeita "Haloo? Haloo?" wakidhani imekatika. Kwa hiyo simu inayotuma hupeleka maelezo mafupi ya kelele ya mahali ilipo, kila milisekunde 480 kwenye kodeki (kibana sauti) ya kwanza ya GSM, na inayopokea inatengeneza kelele ya bandia inayofanana nayo.

Wazo la kutumia ukimya wa watu ni la zamani kuliko simu za mkononi. Kebo ya TAT-1 chini ya Atlantiki ilifunguliwa 1956, na tangu 1960 mtambo wa TASI ulikuwa ukimpa mtu njia anapoongea tu, kwa kuwa kila mmoja huongea chini ya nusu ya muda wa mazungumzo.

Nikitaka kuandika kitambuzi changu mwenyewe?

Sampuli 8000 kwa sekunde, vipande vya 160, yaani milisekunde 20. Chukua nusu sekunde ya kwanza kuwa kelele na upate wastani wa ukubwa wa wimbi lake. Fungua usemi ukizidi kelele kwa desibeli 6, funga ukishuka chini ya desibeli 3. Kelele ikiwa 100, unafungua kwenye 200 na kufunga chini ya 141. Vizingiti viwe viwili. Kikiwa kimoja, mlango utapigapiga kwa kila silabi. Ukifunga, subiri vipande 12 kabla ya kukata kweli.

Endelea kujifunza kelele wakati wa ukimya: asilimia 95 ya makadirio ya zamani, asilimia 5 ya mapya. Hapa ndipo wengi wananasa. Umeme unakatika, jenereta linawashwa, kelele inaruka kutoka 100 hadi 400. Kitambuzi kinasema "usemi", na kwa kuwa ni usemi hakijifunzi kelele mpya, na kwa kuwa hakijifunzi kinaendelea kusema "usemi" mpaka kesho. Tunza kiwango cha chini kabisa kilichoonekana ndani ya sekunde 2 au 3 zilizopita. Hata msemaji hodari ana nafasi kati ya maneno. Kiwango hicho cha chini kikipanda hadi 400, jua ni kelele na uyahamishie makadirio yako hapo.

Mwisho weka akiba ya vipande 5 vilivyopita. Ukitambua usemi, tuma na hivyo vitano vilivyotangulia, ndipo "ha" ya "hatutakuja" itakapookoka. Gharama ni kuchelewa milisekunde 100. Kwa kurekodi si kitu. Kwa simu kumbuka kwamba mapendekezo ya G.114, ya kuchelewa kwa sauti kwenye simu, ni kutozidi milisekunde 150 kwa upande mmoja, hivyo punguza akiba hadi vipande 2.

Ukipenda iliyo tayari, kitambuzi cha WebRTC (programu huria ya mawasiliano ya sauti na video) kina ngazi 0 hadi 3. Ngazi ya 3 ndiyo kali kwa kelele na ndiyo inayokata maneno zaidi. Anza na 1.

Televisheni na watu wa meza ya jirani wanatambuliwa kama mimi. Rekebisho?

Kwa kitambuzi hayo ni usemi halali. Kinachosaidia ni umbali, au maikrofoni mbili zinazolinganisha sauti ya karibu na ya mbali, kama zilivyo kwenye simu nyingi za kisasa.

Nitajuaje kwamba marekebisho yangu yamefaa?

Usipime kwa kusema "moja, mbili, tatu". Andika jozi kumi za aina ya hatutakuja na tutakuja, hamtavuka na mtavuka, hawatafika na watafika, uzichanganye bila mpangilio. Mtu mmoja azisome kwenye kelele halisi ya mahali pa kazi, kwa sauti ya kawaida, akitua sekunde 5 kati ya moja na nyingine ili skwelchi au kitambuzi kifunge. Mwingine asiyeiona karatasi aandike anachosikia. Mbadilishane, mrudie. Makosa yakiwa ya upande mmoja tu, "ha" ikigeuka kutokuwepo, tatizo ni kuchelewa kufungua: rudi kwenye kubana betri, toni na akiba ya vipande. Yakiwa ya pande zote mbili, neno linasikika zima ila limezama kwenye kelele: rudi kwenye maikrofoni. Shusha kizingiti desibeli 1 kwa wakati, na baada ya kila badiliko soma maneno yote ishirini ya jozi hizo upya.